Treni ya Vitanda Itapita Kampulu

Lubumbashi, tarehe 14 Februari 1988

Kwako Yaya Bertille, dada yangu mkubwa,

Naanza na salamu, maana nikianza na kazi utasema tena kwamba mapadri wa Kirungu walinifundisha kila kitu isipokuwa adabu. Basi, hapa nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, na kila asubuhi anamwambia mke wangu Clémence kwamba baridi ya Lubumbashi haikuumbwa kwa ajili ya Wakristo. Anataka kurudi Kalemie alione ziwa kabla hajafa. Hafi leo wala kesho, ila ndivyo anavyosema akitaka jambo lifanyike. Shemeji Siméon hajambo na kituo chake cha Kampulu? Na binti yenu Noëlla bado anasoma kwa masista huko Kalemie, au mmemrudisha Kampulu?

Sasa sikia habari yangu. Unajua kwamba treni ya vitanda inatoka hapa hadi Kamina na kuendelea mbele. Mtu anapanda, anavua viatu, analala. Katika biro yetu, ofisi ya ratiba, nimeuliza: kwa nini watu wa upande wa ziwa nao wasilale? Leo anayetoka Kabalo kwenda Kalemie anakaa mchana kutwa kwenye benchi la mbao, na giza likiingia treni inasimama Nyunzu mpaka kuche, abiria wanatandika vitenge chini pamoja na kuku wao. Nimeandika mpango. Treni iondoke Kabalo jioni, itembee usiku kucha, na asubuhi watu waamke Kalemie, wanawe uso, washuke wakiwa watu. Mabehewa ya vitanda yapo karakana, yamesahauliwa. Yana shuka, yana beseni la kunawia linalokunjwa ukutani, na yakitembea yanakubembeleza mpaka unasahau deni la dunia. Nimeyajaribu yote, mlango ukiwa umefungwa, na sioni haya kukuambia.

Tatizo ni hili, na shemeji analijua kuliko mimi. Njia ni moja. Treni inayokwenda na inayorudi lazima zipishane usiku mahali penye njia ya kando, na mkuu wa kituo hicho awe macho, ampe kila dereva fimbo ya njia. Bila fimbo hiyo mkononi dereva hana ruhusa ya kuingia kipande kinachofuata. Wakubwa wanauliza ni kituo gani. Wengi wanataka Nyunzu.

Halafu kuna jambo nimelisikia hapa biro nami sikulipenda. Wanasema shemeji alipewa barua ya onyo. Mbona hukuniambia?

Ukijibu, juu ya bahasha andika Citoyen Mwamba, usiandike Apollinaire, maana majina ya Kizungu serikali imeyakataza. Katibu wetu wa chama anapenda kusoma bahasha za wenzake.

Mdogo wako,
Apollinaire


Kampulu, tarehe 27 Machi 1988

Mdogo wangu Apollinaire (ndani ya bahasha nitaandika ninavyotaka),

Barua yako ya Februari imenifikia juzi. Ilikaa wapi siku zote hizo, Casimir hakujua kunieleza, naye ndiye shefu wa treni na ndiye anayetuletea. Ilikuwa imeloa pembeni na inanuka samaki. Kama treni yako ya vitanda itatembea kama barua zako, abiria waage watoto wao vizuri kabla ya kupanda.

Sisi tupo. Mvua imeozesha muhogo wa upande wa mto, wa kilimani umepona. Noëlla yuko kwa masista na Pasaka hatakuja, nimemwambia abaki asome. Néhémie, yule anayegeuza njia hapa kituoni, mke wake amejifungua mtoto wa kike, anatembea akijisifu utadhani amemzaa yeye. Mwambie Mama ajipake mafuta ya mawese yenye moto kidogo kwenye magoti, na aache kuwatisha na kifo.

Ile barua ya onyo ni karatasi tu. Mkaguzi alipita mchana wa jua kali, akamkuta Siméon amepumzika. Nani asiyepumzika? Tuliache hilo.

Sasa nisikilize vizuri. Watu wa Nyunzu wasikudanganye. Treni zipishane hapa Kampulu. Njia ya kando ipo na ni nzima, Néhémie anaipaka mafuta. Maji yako karibu. Na Siméon usiku hana shida hata kidogo, usiku ndio wakati wake. Akipewa zamu ya usiku kwa barua rasmi, mchana atakuwa na haki ya kulala kama mfanyakazi yeyote aliyekesha, na hakuna mkaguzi atakayefungua mdomo. Andika hivyo hivyo katika mpango wako: mkuu wa kituo cha Kampulu, zamu ya usiku. Tangu tulipomzika Baba sijakuomba kitu. Leo nakuomba.

Casimir anapiga filimbi, nafunga hapa.

Ni mimi dada yako,
Bertille


Lubumbashi, tarehe 9 Mei 1988

Yaya Bertille,

Nimefika salama, nyumba nzima inakusalimu, na Mama amekwisha kula samaki wote uliompa Casimir kwa ajili yake, hakumbakizia mtu hata kichwa.

Nilifurahi kukuona, ingawa kukuona kwenyewe kulikuwa kwa taa na kwa haraka. Safari yetu ya kuijaribu treni ya vitanda imewapendeza wakubwa, na iliyowapendeza zaidi ni Kampulu. Kila kituo tulichofika tulipiga honi mpaka dereva akachoka, ndipo anatoka mtu na shuka mabegani, anapapasa ukuta kutafuta taa. Kampulu tulimkuta shemeji amesimama tayari, sare imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, fimbo mkononi. Néhémie aliniambia alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Mkubwa wangu alikuwa amejikunja kitandani na blanketi lake mpaka kidevuni. Akatoa kichwa dirishani, akamwangalia, akaniambia: "Mwamba, huyu njo muntu tunatafuta. Ona macho yake. Wote kwenye line wanalala, yeye tu anaona." Nilijiona nimerefuka, kwa sababu ni shemeji yangu.

Kwa hiyo ombi lako liko njiani, nami nimelisukuma kwa mabega yote mawili.

Ila niruhusu mdogo wako aulize. Kwa nini hukunikaribisha ndani? Kahawa ulinipitishia dirishani kama mimi ni mchuuzi. Umekonda, Yaya, mpaka nilikutambua kwa sauti. Shemeji naye alikuwa na taulo shingoni, amelifunga sana, na usiku ule ulikuwa wa baridi. Aliongea bila kupumzika, na katikati ya maneno akaniuliza Baba anaendeleaje. Nilicheka nikidhani ni utani wa shemeji, lakini alinisubiri nijibu. Nikasema hajambo.

Tulipoondoka nilichungulia nyuma. Treni yote ilikuwa imekwisha kupita naye bado ameinua taa, anaipokea.

Jibu upesi,
Apollinaire


Kampulu, tarehe 26 Juni 1988

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Baridi ya kiangazi imefika, na mbuzi wa Néhémie wamekula mboga zangu zote za bustani. Nimemwambia atanilipa mboga kwa mbuzi, amecheka.

Umeniuliza mengi. Nimekonda kwa sababu ya malaria, imekwisha. Nyumba ilikuwa haijafagiwa, sikutaka uende kumwambia Clémence jinsi dada yako anavyoishi. Taulo ni taulo. Kuhusu Baba, Siméon alikuwa anatania, nawe unajua hajui kutania.

Mkaguzi alirudi. Hakumkuta Siméon. Nilimwambia amekwenda shambani.

Mpango umefika wapi? Waambie wafanye haraka. Kama ile barua ya zamu ya usiku inaweza kutoka kwanza, kabla ya treni yenyewe, afadhali itoke. Na wewe usije kwanza, utachoka bure.

Bertille


Lubumbashi, tarehe 1 Agosti 1988

Yaya wangu mpendwa,

Salamu za leo zinacheza ngoma. Sote wazima, na Mama amesahau magoti tangu alipoisikia habari hii: wamekubali. Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba treni ya vitanda itatoka Kabalo jioni, na nyingine itatoka Kalemie, na zitapishana usiku katika kituo cha Kampulu. Kampulu, Yaya. Jina hilo litachapishwa katika ratiba, litabandikwa ukutani hapa Lubumbashi, na watu watauliza ni mji gani huo.

Tena hatutaishia hapo. Tukifaulu Ijumaa moja, tutaweka usiku mwingine katikati ya juma. Halafu tutaunganisha na treni ya hapa, mtu apande Lubumbashi na begi lake asishuke tena mpaka Kalemie, akute meli ya Kigoma inamngoja bandarini. Nimechora ramani yote, imebandikwa nyuma ya meza yangu, na wakubwa wakipita wanasimama kuitazama. Siku ya uzinduzi watakuja hata wa Kinshasa, watalala humo humo.

Mama nimemwekea kitanda cha chini, karibu na mlango, asipate taabu ya kupanda. Amekwisha kukunja nguo.

Na shemeji: barua yake ya zamu ya usiku imetoka. Katika ripoti mkubwa aliniambia niandike neno juu yake, nikaandika kwamba mkuu wa kituo cha Kampulu ni mfano kwa line nzima. Nimesaini mimi mwenyewe.

Andika uniambie amesema nini alipoisoma.

Mdogo wako mwenye furaha,
Apollinaire


Lubumbashi, tarehe 5 Septemba 1988

Yaya,

Hatujambo. Casimir amepita mara mbili bila barua yako. Nilimuuliza kama mko wazima, akasema siku hizi yuko kwenye treni ya mizigo na anawaona usiku tu, na kwamba shemeji haongei, anatoa fimbo na kugeuka. Huyo si Siméon aliyenipasua masikio mwezi wa nne.

Mama anauliza kila siku. Nimemwambia una kazi ya mavuno. Nisaidie nisiendelee kumdanganya.

Apollinaire


Kampulu, tarehe 20 Septemba 1988

Mdogo wangu,

Msalimu Mama, lakini barua hii usimsomee.

Siméon ana malale. Nilikuwa sijawahi kuliandika neno hilo, sasa nimeliandika.

Tezi za shingo zimevimba tangu mwaka jana, ndiyo maana ya taulo. Mchana analala popote, juu ya kiti, mbele ya sahani, mkono ukiwa bado kwenye ugali. Usiku usingizi haumjii hata umwimbie. Wewe hukujua, wala sikulaumu. Baba alipougua ugonjwa huu huu ulikuwa kwa mapadri Kirungu. Ulikuja likizo, ulimwona mchana, ukarudi shule ukiamini kwamba ugonjwa ule ni kulala tu. Usiku wake tuliukesha mimi na Mama. Tulimsikia akizungumza na watu wasiokuwepo mpaka jogoo wanawika. Kwa hiyo mkubwa wako aliposifu macho ya Siméon, wewe ukarefuka, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nimeshika kahawa yako, nayajua macho yale nilikwisha kuyaona kwa nani.

Nilijiambia: ugonjwa umemnyang'anya mchana, basi apewe usiku. Mpango wako ukaja, nikaushika kwa mikono miwili. Nyumba hii ni ya kazi. Akifukuzwa tunatoka na masufuria siku hiyo hiyo, na kwa ndugu zake upande wa Moba hakuna anayetungoja. Utaniuliza kuhusu hospitali. Baba hakuuawa na usingizi, Apollinaire, aliuawa na ile sindano ya dawa. Wewe ulisimuliwa. Mimi nilimshika miguu alipokuwa akitetemeka juu ya kile kitanda cha chuma, na nilikuwa bado msichana. Sikutaka kushika tena miguu ya mtu ninayempenda. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, hakuna lingine.

Lakini sasa hata usiku umemponyoka. Anatoka na taa kupokea treni ambazo hakuna anayezisikia. Mwishoni mwa Agosti aligeuza njia kwa ajili ya treni iliyokuwa imekwisha kupita, akaiacha imeelekea njia ya kando, ambako yalisimama mabehewa ya mahindi. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja. Néhémie aliona, akakimbia. Angechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Tangu siku hiyo kazi tunaifanya mimi na Néhémie. Navaa koti la Siméon na kofia yake, nashuka, natoa fimbo, nageuka. Madereva usiku wanaangalia fimbo, hawaangalii uso. Huyo asiyeongea ambaye Casimir anamwona ni mimi. Wakati huo Siméon nimemfungia ndani. Anagonga mlango polepole, kwa heshima, na ananiambia: "Mama Noëlla, unifungulie. Treni inakuja. Nani ataipokea?"

Mpaka sasa ni treni moja ya mizigo, na dereva yuko macho. Wewe unaniletea treni mbili zimejaa watu waliolala, usiku mmoja, njia moja, katika kituo ambacho mkuu wake hayupo. Naogopa. Ondoa Kampulu, weka Nyunzu. Sema lolote, sema dada yako alikudanganya. Ni kweli nilikudanganya.

Bertille


Lubumbashi, tarehe 8 Oktoba 1988

Yaya Bertille,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Hapa tu wazima, Mama pia. Nimempa Casimir mkononi na kumwapisha asiiweke penye samaki.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda kuketi. Nimelia, na Clémence ni shahidi. Shemeji yangu ni mtu wangu, unajua, yeye ndiye aliyenifundisha kunyoa ndevu. Nitafanya yote yanayotakiwa. Naomba uniamini katika hilo kabla hujaendelea kusoma.

Sasa fikiri pamoja nami, taratibu. Ratiba imechapishwa. Wageni wa Kinshasa wamekwisha kutaja siku. Mimi ndiye niliyesaini kwamba mkuu wa Kampulu ni mfano. Nikiingia leo kwa mkubwa na habari hii, hawataniambia tuhamie Nyunzu, watasema line ile haifai kwa usiku, basi, imekwisha. Mabehewa yatarudi karakana, na watu wa ziwa wataendelea kulala chini na kuku miaka mingine mingi. Na shemeji atafukuzwa kwa aibu badala ya kupumzishwa kwa ugonjwa. Je, ndivyo unavyotaka?

Ni usiku mmoja tu. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba tangu Agosti mnafanya kazi hiyo wewe na Néhémie, na hakuna aliyegundua. Kupishanisha treni mbili si ajabu kubwa: ya kwanza inaingia njia ya kando, ya pili inapita, unatoa fimbo, basi. Shikeni usiku huo wa Ijumaa. Wakubwa wakisharudi kwao, nitakuja mwenyewe Kampulu, nitamchukua Siméon kwa mkono wangu mpaka hospitali ya Kalemie, na tutasema aliugua juzi. Dawa za siku hizi si zile za wakati wa Baba.

Jambo jingine dogo. Mama hatapanda treni ile. Tumeona na Clémence kwamba magoti yake hayajawa sawa, ni afadhali asubiri Noeli, pengine tutampatia hata nafasi katika ndege. Kitanda chake kitabaki wazi, haidhuru. Na mimi nilikuwa niwepo ndani, lakini inaonekana nitahitajika hapa biro kupokea habari kwa simu.

Barua hii uichome.

Mdogo wako anayekutegemea,
Apollinaire


Kalemie, tarehe 24 Oktoba 1988

Apollinaire,

Mama apone magoti. Nimefurahi kwamba hakupanda. Nilipofika mahali pale katika barua yako nilirudi juu, nikasoma tena, halafu nikamwita Néhémie nikamsomea. Mama yake Néhémie anauza dagaa hapa Kalemie na hupanda treni yoyote inayopita. Néhémie alikwenda kuvaa viatu vya kazi.

Najua umekwisha kupewa habari za Ijumaa kwa simu, lakini nakuandikia zile ambazo hukupewa. Treni ya kutoka Kabalo iliposimama Kampulu, nilivua kofia ya Siméon nikamwendea Casimir, dereva akiwa anasikia. Nikamwambia: "Casimir, mume wangu iko na malale. Fimbo ni mimi nilikuwa natoa tangu mwezi wa nane. Hapa hakuna shefu. Usiache treni yako itoke mpaka wewe mwenyewe uone njia kwa macho yako."

Aliniangalia. Sikuona hasira, niliona mtu anayekumbuka kila usiku aliopita hapo. Akachukua taa, akaenda kwa miguu na Néhémie mpaka mahali pa kugeuzia njia, akasimama hapo yeye mwenyewe mpaka treni ya Kalemie ikaja na kupita polepole, mtu angeweza kutembea kando yake. Wakubwa wako hawakuamka. Vitambaa vya madirisha vilikuwa vimeshushwa. Hakuna aliyekufa, Apollinaire, na si kwa sababu ya barua yako.

Nikamwambia Casimir kwamba mgonjwa anakwenda hospitali usiku ule ule, sitangoja wageni warudi kwao. Alitufungulia mlango wa mahali palipokuwa pa Mama. Néhémie alibaki na kituo.

Treni yako ni nzuri, sikatai. Shuka zilinuka sabuni. Siméon aliketi kitanda cha chini na sare yake yote, kofia magotini, akaanza kunitajia vituo vya mbele kimoja kimoja, na hakukosea. Alikuwa mtulivu. Alinishika mkono, akaniambia kwamba mwaka huu tumchukue Noëlla nyumbani Noeli, amekaa sana kwa masista. Kwa muda huo mfupi alikuwa mume wangu kabisa. Niliufunga mlango kwa ndani, nikamwambia nafumba macho kidogo.

Nilikuwa nimesahau usiku wa kulala ulivyo. Miezi miwili nilikuwa mimi ndiye nakesha. Behewa linatikisika, linakubembeleza kama ulivyosema, na hakuna anayegonga mlango. Nililala. Nililala kama mtoto, mpaka jua likanipiga usoni, nikaona ziwa, nikasikia watoto wa shule wanawapigia wakubwa ngoma. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda cha chini kilikuwa kimenyooshwa vizuri. Kofia haikuwepo, wala yeye.

Casimir anasema treni ilisimama vituo kadhaa gizani, kwa sababu wakuu wa vituo hivyo walikuwa wamelala na ilibidi waamshwe. Katika kimoja, hatujui kipi, Siméon aliona treni imefika na hakuna mtu wa kuipokea. Sihitaji mtu wa kunieleza mengine. Alishuka kufanya kazi yake, na treni ikaondoka.

Tangu Jumamosi wanamtafuta. Néhémie anatembea kutoka Kampulu akija huku, na wafanyakazi wa hapa wanatoka Kalemie wakienda kule, wote kwa miguu, wakifuata reli. Jana nilikwenda nao mpaka nguvu zikaniishia, leo jioni naondoka tena. Wenye mashamba wanasema hawajaona mtu. Mchana hawawezi kumwona, atakuwa amelala mahali penye nyasi ndefu na haamki hata aitwe kwa jina. Anaamka usiku.

Hapa stesheni nimesikia kwamba wakubwa wameridhika sana, kwamba treni zote mbili zitatoka tena Ijumaa hii, na baada ya hapo katikati ya juma pia. Wanasema na wewe umepandishwa cheo. Sitalizungumzia hilo. Hospitali nimekwisha kwenda, daktari amesema dawa ipo na wanamngoja. Sikuogopa tena hiyo sindano, nimechelewa kuacha kuiogopa.

Nakuomba jambo moja, na hili usiniambie tufikiri taratibu. Zuia treni za usiku mpaka tumpate. Yuko njiani huko, Apollinaire, na akisikia treni inakuja atasimama relini kuipokea.

Bertille